Kijitabu cha mwalimu wangu kinawanyima wanafunzi wangu maksi. Nifanyeje?

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa kujitolea, nafundisha Kiingereza katika sekondari moja ya kata huku Kigoma. Naomba jina la shule lisitajwe, na langu pia. Huku kwetu tunajuana. Ukitaja mwalo tu, watu wanajua mitumbwi ni ya nani na mtoto wa nani anafundisha wapi. Nina kidato cha tatu na cha nne. Posho yangu inatoka kwenye michango ya wazazi: ikipatikana napewa, isipopatikana nangoja. Sikuandiki kwa ajili ya hilo. Nangoja ajira kama wenzangu wengi, na nitakapoitwa kwenye usaili nataka niwe na barua nzuri mkononi.

Mkuu wa idara yetu ni mzee, amebakiza muda mfupi astaafu. Ndiye aliyenifundisha Kiingereza mimi mwenyewe, kwenye madarasa haya haya. Nilipomaliza kidato cha nne baba alikuwa ameshapokea maneno ya posa. Mwalimu akamfuata mwaloni, akakaa naye juu ya magunia ya dagaa mpaka jioni, baba akakubali nisome kwanza. Nilipotoka chuo, yeye ndiye aliyekwenda kwa mkuu wa shule kuniombea nafasi. Mpaka leo nikiingia ofisini naanza na shikamoo yake ndipo nawaona wengine.

Mwalimu ana kijitabu. Alikiandika kwa mkono miaka mingi iliyopita, baadaye kikachapwa: istilahi za fasihi na balagha za Kiingereza, A mpaka Z, kila moja na maana ya mstari mmoja na mfano mmoja. Kinapatikana stesheneri ya karibu na stendi kwa shilingi 1,500. Asiye na hela anampa bure, hilo nimeliona kwa macho yangu. Wanafunzi wanakimeza. Asubuhi kabla ya paredi unawasikia wanaimba simili, metafa, haipaboli, oksimoroni, mpaka walinzi wanazijua.

Tatizo ni yaliyomo. Kwenye simili ameandika kwamba ni sentensi yoyote inayolinganisha kwa neno la "kama", na mfano wake ni "Juma ni mrefu kama baba yake". Chuoni tulifundishwa kwamba hiyo si tamathali, ni ulinganisho wa kawaida. "Kodi ya kichwa" ameiweka kwenye metonimia, yaani kukitaja kitu kwa jina la kinachohusiana nacho, wakati mimi najua ni sinekidoki, sehemu kusimama badala ya kitu kizima. Swali la balagha anasema ni swali ambalo muulizaji analijua jibu lake. Mimi nimewafundisha kuwa ni swali lisilo na jibu. Na aironi ameielezea kuwa ni kumdhihaki mtu kwa maneno. Basi, hapo hapo amefunga.

Mtihani wa nusu muhula ulitungwa na yeye. Kulikuwa na kipande cha mchezo wa kuigiza: baba anachinja mbuzi na kualika majirani, kijana wake anarudi leo kutoka safari ya ziwani. Msomaji ameshaambiwa kwenye onesho lililotangulia kwamba boti imezama. Swali likauliza ni mbinu gani imetumika. Binti mmoja wa kidato cha nne, ndiye anayeongoza darasa, akajibu aironi, akaeleza vizuri sana kwamba sisi tunajua na baba hajui. Mwongozo wa usahihishaji ulisema "saspensi". Akapata sifuri. Sentensi nyingine ilikuwa ya msichana mrefu kama mama yake. Yule binti akaandika hapa hakuna tamathali. Sifuri tena. Ameshuka nafasi, mzazi wake amekuja shuleni kuuliza mwanawe amepatwa na nini.

Juzi mwanafunzi akanyoosha mkono: "Madamu, wewe na Mwalimu tumfuate nani?" Mwalimu alikuwa anapita barazani. Nikawaambia wafungue ukurasa wa zoezi.

Mwenzangu mmoja ofisini ananiambia nisubiri ajira itoke, nikishapangiwa kituo changu nitasema ninalotaka. Mwingine anasema nipeleke kwa mwalimu wa taaluma, na kwamba mzee hatakubali kukibadilisha kile kijitabu kwa sababu ni biashara yake. Mama yangu anasema mzee haambiwi amekosea. Mimi naona nikinyamaza nawaumiza watoto, nikisema namuumiza mtu aliyenitoa mbali. Na barua ya kunitambulisha ataiandika yeye.

Nisaidie, Mama.

Mwalimu wa Mwisho wa Reli

*

Marahaba, mwanangu, na pole.

Kwanza nirudie nilivyokuelewa. Mzee aliyekutoa mwaloni akakufikisha chuo amewaandikia watoto kijitabu. Kwa ulivyofundishwa wewe, kina makosa, na makosa hayo sasa yanamnyima maksi mtoto anayejibu kwa akili yake. Unaogopa kwamba mtihani wa taifa ukifika yatawanyima na wengine. Wewe unayeyaona huna cheo wala mshahara, na barua unayoihitaji iko kwenye kalamu yake. Halafu unampenda. Hilo hukuliandika, ila mtu asiyempenda mzee huyu angekuwa ameshapita mlango wa mwalimu wa taaluma kitambo.

Sasa nivumilie, maana nami nimesimama mbele ya ubao hapa Tabora miaka yangu, na siwezi kukujibu habari ya nyinyi wawili kabla ya kukijibu kijitabu chenyewe. Umetaja mambo manne. Je, yote manne ni makosa ya aina moja?

Kwenye simili niko upande wako. Urefu wa Juma na wa baba yake unaweza kuupima kwa futi kamba. Umesema ukweli wa kawaida, wala hukupamba kitu. Ukisema Juma ni mrefu kama mchikichi, hapo umemtoa kwa binadamu ukampeleka kwa mti, na msikilizaji anajua hutaki akapime. Simili inataka vitu viwili vya jamii tofauti. Na kwa Kiingereza kuna mtego zaidi: lile neno lao la kulinganisha, "like", ndilo hilo hilo wanalotumia kwa "kupenda". Mtoto aliyekariri kwamba neno likionekana tu basi ni simili, siku moja atakuta mtu anasema anapenda dagaa, naye ataandika simili na kupiga mstari chini kwa rula. Nimewahi kusahihisha jibu la namna hiyo, sikutungii.

Kwenye metonimia, twende polepole. Ni kweli kichwa ni sehemu ya mtu, na sehemu ikisimama badala ya kitu kizima tunaiita sinekidoki. Ukisema "Dodoma imepitisha bajeti", Dodoma si kiungo cha Bunge, ni mahali linapokaa. Hiyo ndiyo metonimia ya wazi. Vivyo hivyo jembe na nyundo zikitajwa badala ya wakulima na wafanyakazi: ni zana zao, si viungo vyao. Lakini mwanangu, wako wataalamu wengi wanaoihesabu sinekidoki kuwa tawi la metonimia. Kwa hao, Mwalimu hakukosea, ameishia kwenye jina la ukoo tu. Anayeandika sinekidoki ametaja jina kamili zaidi. Mtoto akinyimwa maksi kwa lolote kati ya hayo mawili, mimi kama msahihishaji nisingelala.

Kwenye swali la balagha, utanisamehe, mzee yuko karibu na ukweli kuliko wewe. Swali la namna hii si kwamba halina jibu. Mara nyingi jibu lake liko wazi mno, ndiyo maana halisubiriwi. Mhubiri akiuliza "Nani kati yetu hakuzaliwa na mwanamke?", kila mtu anajibu moyoni, na ndicho alichokitaka: ajibiwe moyoni bila mdomo kufunguliwa, ili neno linalofuata likute watu wameshakubali. Wenzako wa Kiswahili wanaifundisha chini ya jina la tashititi, na wao pia husema muulizaji analijua jibu. Hata hivyo maelezo ya kijitabu nayo yana pengo. Wewe ukiuliza darasani mji mkuu wa Zambia, jibu unalijua, na bado unataka mkono unyooke. Kujua jibu peke yake hakutoshi kulifanya swali kuwa la balagha. La muhimu ni kwamba halikuulizwa ili lijibiwe.

Nimefika kwenye aironi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye jeraha la yule binti.

Mwalimu ameandika kwamba ni kumdhihaki mtu kwa maneno. Amechukua chumba kimoja akakiita nyumba. Iko aironi ya maneno, unaposema kitu ukakusudia kinyume chake: mtu kachelewa kikao, mwenyekiti anamwambia "Karibu, umewahi kweli leo." Ndani ya hiyo ndimo dhihaka inamoishi, ingawa si lazima iwemo, mtu anaweza kusema kinyume kwa upole au kwa uchungu wake mwenyewe. Iko aironi ya tukio, mambo yanapogeuka kinyume cha yaliyotarajiwa, kama kituo cha zimamoto kuungua. Na iko aironi ya jukwaani: sisi watazamaji tunajua, mhusika hajui, na kila neno lake la furaha linatuchoma sisi kabla halijamchoma yeye. Baba anayechinja mbuzi hamdhihaki mtu, na hakuna anayemdhihaki. Kwa maelezo ya kijitabu, hapo aironi haionekani kabisa. Kwa maelezo yaliyokamilika, pale ndipo penyewe. Saspensi ni ile hali ya kutokujua kitakachotokea. Sisi tulishajua. Labda tunangoja baba ataambiwaje, na kwa hilo mtu anaweza kuitetea saspensi pia, lakini kumpa sifuri aliyesema aironi na akaeleza sababu, hapana.

Unakumbuka hotuba ya Antony juu ya maiti ya Kaizari, katika tamthilia ya Shakespeare? Sisi wa Tabora hatukosi kuitaja, kwa sababu aliyeifasiri kwa Kiswahili ikachapwa mwaka 1963 alisoma hapa akafundisha hapa, Mwalimu Nyerere. Antony anarudia na kurudia kwamba Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari, ni mtu wa heshima. Mara ya kwanza umati unamwamini. Anasimulia wema wa Kaizari, anarudia. Anasimulia tena, anarudia. Maneno ni karibu yale yale, na mwishoni watu wanataka kuichoma moto nyumba ya Brutus. Mwanafunzi anayejua takriri, yaani kurudiarudia neno, kwa mstari mmoja ataandika "takriri" na kufunga daftari. Anayejua aironi kuwa ni dhihaka atatafuta aliyechekwa na asimwone. Ataandika kwamba Antony anamsifu Brutus. Kumbe majina mawili yanafanya kazi pamoja: takriri ndiyo inayoigeuza sifa kuwa shtaka. Hilo haliingii kwenye mstari mmoja, hata ungeuandika wewe uliyetoka chuo.

Na usidhani majina haya yametulia mahali. Ya Kiingereza mengi ni ya Wayunani, ya Kiswahili mengi yametoka kwa Waarabu, na njiani yamebadilisha mizigo. Kinaya, ambayo leo vitabu vyetu vya fasihi huitumia kwa aironi, katika balagha ya Kiarabu ni kukitaja kitu kwa kutaja kinachoambatana nacho. Mfano wao wa siku zote ni kusema fulani ana majivu mengi, maana yake ni mkarimu: majivu mengi yametokana na kupika kwingi, na kupika kwingi kumetokana na wageni. Sasa hiyo iko jirani na metonimia kuliko aironi. Kwa hiyo ukimwendea mzee na daftari la chuo ukidhani ndilo neno la mwisho, ujue nalo ni kituo kimoja tu katika safari ndefu.

Kwa nini nimekupitisha huko kote? Kwa sababu barua yako inasema mzee amekosea na wewe unajua. Tulichokiona si hicho. Mahali pamoja kakosea, mahali pamoja kakata nusu, mahali pamoja mnaweza kuwa sahihi wote wawili, na mahali pamoja yeye kakutangulia. Ukienda kwake na orodha ya makosa manne utaonekana unampima. Ukienda na hali hii ya kweli, unayo hata sababu ya kumshukuru.

Kuna jambo lingine nimelisoma kwako mara mbili: kwamba ni biashara yake. Hilo ni neno la mwenzako, na wewe umelibeba bila kulipima. Shilingi 1,500, toa gharama ya kopi, toa fungu la mwenye stesheneri, toa vya bure unavyosema umeviona kwa macho. Inabaki nini cha kumfanya mzee aache ukweli? Mimi nahisi, na ni kuhisi tu, kwamba kinachomuuma kama kipo si hela. Kile kijitabu alikiandika kwa mtoto aliyesomeshwa kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, halafu akaingia kidato cha kwanza akakuta kila kitu kimegeuka Kiingereza. Mtoto yule alihitaji kitu cha kushika, kifupi, cha kuimba kabla ya paredi. Huenda nawe ulikiimba. Mtu aliyebakiza muda mfupi kustaafu akisikia kwamba kazi yake ina makosa, anaweza kusikia kwamba maisha yake yana makosa. Lakini simjui. Wewe unamjua. Umewahi kumwona akibadilisha neno kwenye kile kijitabu? Kinachouzwa sasa ni chapa ile ile ya mwanzo, au kuna mahali alishakata na kuongeza? Kama alishawahi kukirekebisha hata mara moja, mama yako hajasema yote.

Tuzitazame njia ulizonazo.

Kunyamaza mpaka ajira itoke. Usiione aibu kuifikiria. Chakula ni chakula. Lakini ajira haina tarehe, na kidato cha nne kina tarehe. Yule binti hatakungoja upangiwe kituo. Tena nikuulize: je, ukiwa na barua yako mkononi na kituo chako kipya huko mbali, utarudi kweli kumwambia mzee aliyestaafu? Unalijua jibu.

Kwenda kwa mwalimu wa taaluma au kwa mkuu wa shule. Ni haki yako, na iko siku inaweza kuwa lazima, hasa mzazi yule akirudi na karatasi mkononi. Uzuri wake ni kwamba maksi zitaangaliwa na zaidi ya mtu mmoja. Hatari yake unaijua: mzee atasikia kutoka mdomo mwingine kwamba binti aliyemlea amemshtaki, na baada ya hapo hata ukiwa sahihi kuanzia A mpaka Z, mtakuwa mnazungumza habari nyingine, si fasihi.

Kufundisha yote mawili: "jibu la kijitabu ni hili, jibu la matini ni hili." Walimu wengi hufanya hivyo kimyakimya. Inamsaidia mwanafunzi mkali kama yule binti. Kwa aliye katikati ya darasa, anayeshika Kiingereza kwa kucha, unamwongezea mzigo juu ya mzigo, na unamfundisha kwamba ukweli unategemea nani kasimamia mtihani. Sijui kama unataka wajifunze hilo kwako.

Kumwendea mwenyewe, faragha. Hii naona ndiyo unayoitaka na ndiyo unayoiogopa. Mama yako anasema mzee haambiwi amekosea. Sawa, ila mzee huulizwa, na mwalimu huulizwa zaidi. Mchukulie kile kipande cha baba na mbuzi, si kijitabu. Mwambie, "Mwalimu, hapa nimekwama. Watazamaji wanajua boti imezama, baba hajui. Hii tuiiteje?" Halafu nyamaza. Unyamaze kweli. Usiwe umeshaficha jibu kwenye mkoba ili ulitoe akikosea. Wazee wananusa mitego upesi sana, na huo utakuwa mtego. Kama unaweza, mpelekee na lile la swali la balagha, umwambie kwamba maelezo yake yamekufanya uyaangalie upya ya kwako. Hilo ni la kweli, hutamdanganya.

Hatari ipo. Anaweza kusema, "Fuata kijitabu, madamu," akageuka. Anaweza kukukubalia uso kwa uso kisha barua ikachelewa bila sababu inayosemwa. Sitakuahidi kwamba hayatatokea. Lakini jiulize pia hofu ya barua umeipata wapi. Mtu aliyekaa juu ya magunia ya dagaa mpaka jioni kwa ajili yako, amewahi kukutishia kwa barua? Au ni wasiwasi wako na maneno ya ofisini? Kama amewahi, niandikie tena, maana ushauri wangu utabadilika. Kama hajawahi, basi unampa ukali ambao bado hajauonyesha.

Kuna na njia ndogo ambayo haihitaji ruhusa ya mtu. Acha kwa muda kuuliza darasani "hii ni tamathali gani?" Anza kuuliza "ingeondolewa, tungepoteza nini?" Chukua maandishi ya khanga, majina ya mitumbwi, matangazo ya kondakta stendi. Wanavyouita mji wenu "mwisho wa reli": kwa nini mtu aseme hivyo badala ya kusema Kigoma tu? Mwingine anaona majivuno ndani yake, mwingine anaona kulalamika kwamba tuko mbali na kila kitu. Waache wabishane, kwa Kiswahili ikibidi, kisha waandike hoja zao kwa Kiingereza. Mtoto aliyezoea kueleza kazi ya tamathali hata akikosea jina, maelezo yake yanambeba. Aliyeshika jina tupu, jina likimponyoka hana kitu. Na kwa njia hiyo hupingani na kijitabu hata kwa mstari mmoja. Udhaifu wake ni kwamba inakula muda, na kidato cha nne hawana muda mwingi. Halafu hairudishi zile maksi za maswali mawili.

Mwisho nikuulize jambo ambalo ukipenda usilijibu. Swali la yule mwanafunzi, "tumfuate nani", lilikuuma kwa sababu ya watoto tu, au kuna sehemu yako ilitaka waseme "wewe, Madamu"? Si dhambi. Kila mwalimu kijana anataka darasa limchague. Lakini ukijua ni sehemu gani inayokusukuma kwenda kwa mzee, utajua na sauti ya kumwendea nayo.

Kwa upande wa yule binti, usingoje mambo ya wakubwa yaishe. Chukua karatasi yake, kaa naye, msomee tena jibu lake la aironi kwa sauti, umwonyeshe ni sentensi ipi inayolibeba na ipi angeweza kuiacha. Lile la msichana mrefu kama mama yake, mwambie aongeze sababu: "hakuna tamathali" peke yake hata mimi nisingeipa maksi zote. Na mzazi wake akija tena, mweleze kwamba mtoto hajaporomoka, kuna jibu ambalo walimu bado wanalijadili. Mkishalijadili kweli, hutakuwa umesema uongo.

Nikipata barua yako nyingine nitafurahi. Nitumie na nakala ya kijitabu; 1,500 nitairudisha.